Nyigu Rafiki Dhidi ya Nzi wa Maembe: Mambo Ambayo Kila Mkulima Anafaa Kujua

Mkulima wa maembe katika Kaunti ya Kilifi hahitaji kuelezwa nzi wa matunda ni nani. Embe linaonekana zuri mtini, lakini likipasuliwa, ndani ni funza watupu. Mnunuzi aliyekuja na lori hukataa mzigo mzima kwa sababu ya maembe machache, na karo iliyokuwa ikitegemea mzigo huo hukosekana. Wengi wakifikwa na hali hiyo hukimbilia bomba la dawa. Dawa hugharimu pesa, na mara nyingi haimfikii adui, kwa sababu funza yuko ndani ya tunda na mwenzake amejificha chini ya udongo.

Makala haya yanaeleza kuhusu msaidizi anayeweza kumfikia adui huyo pale dawa inaposhindwa. Ni nyigu wadogo sana, ambao huishi kwa kuwaua nzi wa matunda. Yanaeleza pia jambo ambalo halisemwi vya kutosha: nyigu hawa hawaokoi embe ambalo tayari limedungwa. Kazi yao ni kupunguza nzi wa kizazi kinachofuata. Mkulima asiyejua hilo huwakatia tamaa mapema, na tena huwaua mwenyewe bila kukusudia.

Adui huyu alitoka wapi?

Wako nzi wa matunda wa asili hapa Afrika, na wazee wetu waliwajua. Lakini yule anayetuumiza zaidi leo ni mgeni. Jina lake la kisayansi ni Bactrocera dorsalis, na asili yake ni Asia. Hapa Kenya aligunduliwa mwaka wa 2003, tena katika ukanda wetu wa Pwani. Katika miaka michache alikuwa ameenea nchi nyingi za Afrika.

Unaweza kumtambua kwa macho. Ukubwa wake unakaribia ule wa nzi wa nyumbani. Mgongoni ana mistari miwili ya manjano, mabawa yake yanapitisha mwanga, na juu ya tumbo ana alama nyeusi yenye umbo la herufi T.

Madhara yake hayaishii sokoni Malindi au Kongowea. Mwaka wa 2014 Kenya ilisitisha yenyewe uuzaji wa maembe katika nchi za Muungano wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na mauzo hayo yakaanza tena mwaka wa 2021. Kwa miaka hiyo yote, soko hilo lenye bei nzuri lilikuwa limefungwa.

Anavyoishi, na pale tunapoweza kumpata

Nzi jike hutoboa ngozi ya embe kwa mkia wake ulio kama sindano na kutaga mayai ndani. Anaweza kutaga zaidi ya mayai elfu moja maishani mwake. Katika siku moja au mbili mayai huanguliwa, na funza huanza kula nyama ya tunda. Baada ya wiki moja hivi, funza aliyeshiba hutoka tundani, huingia sentimita chache ndani ya udongo na kujifungia katika ganda dogo la kahawia lenye umbo la punje ya mchele. Humo hugeuka nzi. Baada ya siku kama kumi hivi hutoka nje, hukomaa, hujamiiana, na jike huanza kutafuta maembe mengine. Katika joto letu la Pwani, mzunguko mzima huchukua takribani mwezi mmoja.

Kwa hivyo vizazi kadhaa huweza kupita katika msimu mmoja. Na maembe yakiisha, nzi hawafi njaa. Huhamia kwenye mapera, machungwa, matopetope, mastafeli na kungu, wakingoja maembe ya msimu ujao. Mpera ulioota wenyewe nyuma ya jikoni unaweza kuwa ndio unaowatunza.

Tukiangalia mzunguko huo vizuri, tunaona kwamba dawa ya kunyunyizia majani humpata nzi mkubwa pekee. Yai na funza wamo ndani ya tunda. Ganda liko chini ya udongo. Nyigu ndiye anayeweza kuwafuata huko.

Kwa nini nyigu wetu wa asili hawakutosha?

Afrika ina nyigu wake ambao tangu zamani huwashambulia nzi wa matunda wa asili. Nzi mgeni alipofika, nyigu hao walijaribu kumshambulia pia. Lakini watafiti waliona kwamba nyigu wa asili akitaga yai lake ndani ya funza wa nzi huyu, mwili wa funza hulizingira yai hilo kwa chembechembe zake mpaka likafa. Mgeni alikuja na kinga ambayo nyigu wetu hawakuwa na njia ya kuishinda.

Ndipo watafiti wakafuata maadui wanaomjua nzi huyu tangu Asia. Mwaka wa 2006 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake Kasarani, Nairobi, kilileta aina mbili za nyigu kutoka visiwa vya Hawaii, ambako tayari walikuwa wamezoea kumpunguza nzi huyu. Wadudu wa aina hii hawaletwi kiholela. Huhitaji idhini ya serikali kupitia Shirika la Kukagua Afya ya Mimea (KEPHIS), na huchunguzwa kwanza wakiwa wamefungiwa, ili kuhakikisha hawatadhuru viumbe wengine. Baada ya hapo waliachiliwa katika maeneo kadhaa yanayokuza maembe.

Nyigu wawili, kazi mbili

Wa kwanza anaitwa Fopius arisanus. Huyu hufanya kazi mtini. Hutembea juu ya tunda akinusa alama alizoacha nzi aliyetaga. Akipata mahali palipodungwa, huingiza mkia wake mwembamba na kutaga yai lake ndani ya yai la nzi. Yai la nzi haliharibiki hapo hapo. Huanguliwa kama kawaida, funza hukua na kuingia udongoni, lakini ndani ya mwili wake amembeba mtoto wa nyigu. Akishajifungia katika ganda, mtoto wa nyigu humla na kummaliza. Kutoka katika ganda hilo hatoki nzi. Hutoka nyigu.

Wa pili anaitwa Diachasmimorpha longicaudata. Huyu humtafuta funza aliyekwisha kukua, hasa katika matunda yaliyoiva sana na yaliyoanguka chini. Husikiliza mitikisiko ya funza akitembea ndani ya tunda, kisha humfikia kwa mkia wake ambao ni mrefu kuliko mwili wake wote. Mwisho wa funza ni uleule: ndani ya ganda huliwa, na anayetoka ni nyigu.

Mmoja hufanya kazi juu, mwingine chini. Wakubwa wao hunywa nekta ya maua na vitu vitamu, na hawali maembe.

Hesabu ambayo kila mkulima anafaa kuielewa

Tuchukue mfano tu. Tuseme nzi wametaga mayai 100 katika maembe yako, na nyigu wakafikia 50 kati ya hayo. Maembe yote yaliyodungwa yataharibika vilevile, kwa sababu funza wote 100 watakula. Ukiangalia maembe pekee, utasema nyigu hawana faida.

Sasa tazama chini ya udongo. Ikiwa wote wamefikia hatua ya ganda, maganda 50 yatatoa nzi na maganda 50 yatatoa nyigu. Tukichukulia kwamba nusu ya nzi hao ni jike, utakuwa na nzi jike 25 wa kutaga badala ya 50, na pamoja nao nyigu wapya wanaowasubiri. Mwezi unaofuata hali hurudiwa tena. Faida huonekana kizazi baada ya kizazi, msimu baada ya msimu, mradi tu nyigu waendelee kuwa hai.

Kuna mahali jambo hili limeonekana wazi. Huko Hawaii, nzi huyu aliingia miaka ya 1940, na Fopius arisanus akawa adui wake mkuu kati ya wadudu walioletwa kumdhibiti. Katika kisiwa cha Tahiti, bahari ya Pasifiki, nyigu huyu aliachiliwa mwaka wa 2002, na katika miaka iliyofuata idadi ya nzi ilishuka sana. Hata huko nzi hawakuisha kabisa. Walipungua kiasi cha njia nyingine kuweza kumalizia kazi.

Tunavyowaua wasaidizi wetu

Mdudu mdogo hivi hufa upesi. Haya ndiyo makosa yanayofanyika sana mashambani:

Kwanza, kunyunyizia mti mzima dawa kali inayoua kila mdudu. Nzi mkubwa anaweza kuruka na kurudi kutoka shamba la jirani kesho yake. Nyigu aliyekuwa akitembea juu ya tunda hufa, na huchukua muda mrefu kuongezeka tena. Matokeo yake, baada ya dawa nzi hurudi na hakuna wa kuwapunguza. Dawa hiyo pia huua nyuki wanaochavusha maua ya mwembe.

Pili, kuacha maembe yaliyoanguka yaoze chini ya mti. Wengine husema, “Kama ndani yake mna nyigu, basi tuyaache.” Kuyaacha huwapa nyigu nafasi, ni kweli, lakini nzi pia hutoka, na mara nyingi nzi ndio wengi.

Tatu, kuyafukia au kuyachoma yote. Hilo ni bora kuliko kuyaacha, kwa maana nzi hufa. Lakini nyigu waliomo hufa pia.

Hema linalofungia nzi na kuachilia nyigu

Kuna kifaa kilichobuniwa kutatua tatizo hilo. Ni hema dogo lililofungwa pande zote, ambamo mkulima hutia maembe yaliyoanguka. Juu yake kuna dirisha la wavu wenye matundu madogo sana. Nzi wanaotoka katika maganda hawawezi kupita kwenye matundu hayo, nao hufia ndani. Nyigu, ambaye mwili wake ni mwembamba, hupenya na kurudi shambani. Kwa njia hiyo, takataka za shamba zinageuka kuwa kitalu cha nyigu. Mabaki yaliyooza hutumiwa baadaye kama mbolea.

Ukubwa wa matundu ya wavu ndio kila kitu. Yakiwa makubwa, nzi watatoka. Yakiwa madogo kupita kiasi, nyigu watakwama. Chandarua cha kawaida cha mbu hakifai kukisiwa. Kabla ya kushona hema, pata ushauri wa afisa wa kilimo wa wadi yako kuhusu aina ya wavu. Kikundi cha wakulima kinaweza kuchangia hema moja na kuliweka mahali ambapo mashamba yanakutana.

La kufanya msimu huu

Nyigu peke yao hawatoshi. Wanafanya kazi vizuri wakiunganishwa na njia nyingine zisizowadhuru.

1. Okota maembe yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki, pamoja na yale yaliyoko mtini yenye dalili za kudungwa. Usisahau mapera na machungwa.

2. Kama una hema, yatie humo. Kama huna, wape mifugo siku hiyohiyo, au yafukie kwa kina cha zaidi ya nusu mita, yaani kama futi mbili. Kufukia juujuu hakusaidii, kwani nzi hutoka udongoni bila shida. Unaweza pia kuyafunika kwa turubai jeusi juani, ukingo wote ukiwa umezikwa kwa udongo, mpaka joto liwaue funza.

3. Tundika mitego ya harufu inayovuta nzi dume. Dume wakipungua, jike hukosa wa kujamiiana nao. Badilisha chambo kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

4. Tumia chambo cha protini kilichochanganywa na dawa kidogo. Hiki hupakwa sehemu ndogo tu ya kila mti, si mti mzima. Nzi jike wanahitaji protini ili watage, hivyo hukifuata wenyewe. Nunua bidhaa zilizosajiliwa na Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu (PCPB), na ufuate muda wa kusubiri kabla ya kuvuna.

5. Vuna maembe yakiwa yamekomaa, kabla hayajaivia mtini. Kadiri embe linavyoiva, ndivyo linavyomvuta nzi.

6. Acha maua shambani na kwenye mipaka. Nyigu mkubwa anahitaji nekta.

7. Zungumza na majirani. Nzi huruka kutoka shamba moja hadi jingine. Shamba moja safi katikati ya mashamba matano yaliyojaa matunda yaliyooza halitapona. Kazi hii huenda vizuri ikifanywa na kijiji kizima au chama cha wakulima, wote kwa wakati mmoja.

Jipimie mwenyewe kama nyigu wapo

Huhitaji maabara. Chukua maembe kumi yaliyoanguka ambayo yana funza. Yaweke juu ya mchanga wenye unyevunyevu kidogo ndani ya ndoo, kisha funika mdomo wa ndoo kwa kitambaa chepesi cha kusuka kwa karibu, ukikifunga kwa kamba ili kitu kisitoke. Weka ndoo kivulini, mahali chungu hawafiki.

Ngoja mwezi mmoja. Baada ya hapo chungulia. Nzi utamjua kwa mistari ya manjano na alama ya T. Nyigu ni mwembamba, ana kiuno chembamba na vipapasio virefu kichwani. Hesabu kila kundi, andika, na umwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi yako. Kama hakuna nyigu hata mmoja, huenda shamba lako linanyunyiziwa dawa nyingi mno, au nyigu bado hawajafika eneo lako. Zote ni habari ambazo afisa anazihitaji.

Maswali ambayo wakaazi huuliza

*Je, nyigu hawa watatuuma sisi au watoto?*
La. Hawajengi viota na hawawaumi watu. Huo mkia wao mrefu ni wa kutagia mayai ndani ya mayai au funza wa nzi. Ni wadogo kiasi kwamba watu wengi huwaona bila kuwatambua.

*Je, watageuka kuwa wadudu waharibifu wenyewe?*
Watoto wao hukua ndani ya nzi wa matunda pekee. Hawali mimea, na hawagusi nyuki, kuku wala mifugo. Nzi wakipungua, nyigu nao hupungua.

*Je, embe lenye nyigu lina madhara likiliwa?*
Nyigu huwa ndani ya yai au funza wa nzi, na huondoka tundani pamoja na funza huyo. Embe lililo na funza halifai kuuzwa hata hivyo.

*Naweza kununua nyigu dukani?*
Mtu akija kukuuzia chupa ya nyigu, mkatae na umjulishe afisa wa kilimo. Wadudu wa aina hii hufugwa na wataalamu na kuachiliwa kwa idhini. Kazi ya mkulima ni kuwatunza wale waliokwisha kufika.

*Nitaona matokeo lini?*
Usitarajie wiki ijayo. Angalia idadi ya nzi katika mitego yako mwezi baada ya mwezi, na ulinganishe msimu huu na ule uliopita. Hapo ndipo utakapoona kazi yao.

Ombi kwa wakulima wote

Maembe ni mapato ya nyumba nyingi katika kaunti yetu, kuanzia mwenye miti mitatu uani hadi mwenye ekari kumi. Nzi mgeni yupo, na kwa kuwa ameenea katika nchi nyingi za Afrika, haelekei kuondoka. Tunachoweza ni kumfanya awe mchache kiasi cha kutotuharibia soko.

Kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa ya kunyunyizia mti mzima, mwulize kwanza afisa wa kilimo wa wadi yako kuhusu mitego, chambo cha protini na hema la matunda. Ofisi za kilimo ziko katika kila kaunti ndogo, na ushauri ni bure. Nenda pamoja na jirani yako, kwa maana nzi wa shambani mwake ndio watakaotaga katika maembe yako mwezi ujao.